Kopo la Kijani

Jumanne, 7 Oktoba

Asubuhi kazini, jikoni mwa shule kama kawaida. Viazi, viazi, halafu viazi. Mchana mafunzo ukumbini.

Leo tumefundishwa maana ya "kujengewa uwezo". Nimeandika kwa mwandiko mzuri. Kwa ufupi: sisi kina mama wa kikundi cha Jirani Mwema hatuna uwezo, Shirika linao, nalo litatujengea. Nikawaza, miaka yote hii tunapikia misiba ya nusu ya mtaa huu wa Tottenham na hakuna aliyeharisha, tulikuwa tunatumia nini? Sikuuliza. Chai ilikuwa inakaribia.

Mkufunzi wetu ni Somo. Mimi Mwanahamisi, yeye Mwanahamisi, wote wa Tanga, mtaa mmoja. Tangu utoto hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina, ni Somo huku na Somo kule. Tulipofika nchi hii tulikaa chumba kimoja Ilford na koti moja la maana, anayetoka ndiye anayelivaa. Shirika lilipotafuta mtu mwenye Kiswahili na Kiingereza, kikundi kizima tulimsukuma yeye mbele. Sasa anabandika vikaratasi vya njano ukutani na watu wanamsikiliza. Naona fahari. Naandika ukweli.

Bi Khadija, mzee wetu wa kikundi, leo tena hakunywa chai. Kikombe kimepoa mbele yake mpaka kimefanya utando. Anasema ana saumu. Ana saumu kila siku ya mafunzo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Baridi imeanza kuingia kwenye magoti.

Somo alituletea dawa ya kupaka mikononi. Unapaka, unanawa, halafu unaweka mikono chini ya taa ya zambarau. Pale usiponawa vizuri panang'aa. Bi Khadija aliyetawadha mara tano kwa siku tangu udogo wake alitoka mweusi tii, hata kucha hazikung'aa. Mama Furaha, mwenzetu wa Bukavu, aling'aa mpaka viwiko. Akasema, "Miye niko sawa na krismasi." Somo mwenyewe aling'aa kwenye pete, ile ya fedha aliyonunua Ilford na hataki kuivua. Tulicheka sana.

Tumeambiwa pia siku yetu imepangwa. Jumamosi ya tarehe 25 wakubwa wa Shirika watakuja kututazama. Wakiona tumeiva, watatukabidhi mradi wa usafi wa mtaa mzima tuuendeshe wenyewe: kwenda kwenye mafleti, kuwafundisha kina mama wapya, kusimamia mapipa ya takataka, na ukumbi na funguo zake. Wakiona mbichi, tunarudi jikoni.

Na tukiiva, kazi ya Somo kwetu imekwisha. Yaani ameajiriwa kuhakikisha hahitajiki. Ni kama kumwajiri kinyozi ili nywele zisiote tena. Nimemwambia hivyo, akacheka. Hakucheka sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempeleka Bi Khadija nyumbani kwa basi. Tulikaa viti vya mbele chini, vile vya wazee. Hapo ndipo aliponiambia.

Hana saumu. Hanywi chai kwa sababu choo cha ukumbi hakina maji ya kujisafishia. Karatasi tu. Mtu aliyelelewa Unguja akajisafisha kwa maji miaka yote, leo atumie karatasi halafu akasali? Basi hanywi. Siku ya mafunzo hanywi tangu asubuhi. Akienda kliniki hanywi. Akienda harusini hanywi. Mwaka huu alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa mkojo, akatundikiwa dripu, daktari akamwambia bibi, mwili wako umekauka, unywe maji. Akamjibu sawa. Daktari hakuuliza kwa nini hanywi, na yeye hakusema. Utasema vipi mbele ya mtoto wa kiume aliyevaa suti?

"Na wenzangu hali kadhalika," kasema. "Unadhani kwa nini kina bibi hawaji ukumbini? Wavivu?"

Mimi nilidhani wavivu.

Mtaa mzima tunafundishwa usafi na hapana aliyeuliza kama chooni mna maji. Hata sisi. Tumezoea kutembea na chupa ya maji mkobani kama wezi.

Nimemwomba ruhusa nimwambie Somo. Kafikiri mpaka kituo chake. "Mwambie. Usitaje jina langu mbele za watu."

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Somo. Tulikaa kwenye duka la kuku la karibu na stesheni, hapana mwingine anayejua Kiswahili pale, na bado nilinong'ona. Haya ni maneno ya aibu. Kuchamba. Hata hapa naliandika kwa sababu hapana anayesoma.

Somo hakunong'ona. Akapiga meza. Akasema hilo ndilo, Somo, hilo ndilo jambo letu! Siku ya wageni tusiwaambie habari za kunawa mikono, kila kikundi kinasema kunawa mikono. Tuwaambie wazee wetu wanaugua kwa kukosa maji chooni, na tuombe mpira mdogo wa maji ufungwe pembeni ya kila choo cha ukumbi. Kitu kidogo. Fundi mmoja, siku moja. Kikundi kinachoona jambo kama hilo nani atasema hakina uwezo?

Nikauliza nani atayasema hayo mbele ya wazungu kwa Kiingereza.

"Niachie mimi," kasema. "Mimi sina haya."

Kweli hana. Ndiyo sababu nampenda.

Nimerudi kwa miguu, moyo mwepesi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimenunua kopo la ukumbi, la kusogezea siku mpaka mpira ufungwe. Dukani hawana makopo ya chooni, wana ya kumwagilia maua. La kijani, mdomo mrefu. Muuzaji ananifahamu sasa, ananiona mkulima mkubwa. Naishi ghorofa ya nne na sina hata mchicha.

Nimeliweka choo cha kina mama, pembeni, limejaa. Nimewakumbusha wote desturi, ingawa hakuna asiyeijua: ukilitumia, lijaze. Anayekuja nyuma yako asilikute tupu. Nyumbani kwetu kumwachia mtu kopo tupu ni sawa na kumtukana. Mimi na Somo kule Ilford tuligombania sufuria, tukagombania umeme, tukagombania hata mwanamume mmoja ambaye hakustahili. Kopo hatukuligombania hata siku moja. Kila nikiingia limejaa.

Bi Khadija aliingia chooni, akatoka, akaketi. Akavuta kikombe. Nikajifanya natazama dirishani.

Jumanne, 21 Oktoba

Siku mbaya ndogo. Sijui niiandikeje.

Somo kaja mafunzoni amechelewa, hakukaa nasi wakati wa chai. Simu yake haikauki. Nimemwona akiingia choo cha kina mama na simu mkononi, akatoka upesi, na nilisikia ile sauti ya kupiga picha. Nikamuuliza. Kasema ni kwa ajili ya kuwaonyesha wageni. Sawa. Lakini sakafu ilikuwa imelowa, mtoto wa mtu alikuwa amecheza na maji. Nikamwambia ngoja nipige deki kwanza, upige picha nzuri. Kasema inatosha hii.

Halafu jambo jingine. Akiongea na Fiona kwenye simu, Fiona ndiye msimamizi wake wa Shirika, nilimsikia akisema "wao". Wao wanahitaji hiki, wao hawajui kile. Niligeuka kutazama ni kina nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Labda ndivyo wanavyosema maofisini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Matayarisho. Mama Furaha atapika sambusa, mimi maandazi. Tumefuta madirisha. Bi Khadija kaniambia siku hiyo atakunywa chai mbele ya wageni, kikombe kizima, ili waone. Wataona nini? Bibi anakunywa chai. Lakini sisi tutajua.

Salma, binti yangu, kanisikia nikijifunza sentensi zangu za Kiingereza mbele ya kioo. Kanijibu kwa Kiingereza hichohicho kwamba naongea kama tangazo la treni.

Nimemtumia Somo ujumbe: uko tayari? Hakujibu. Ana kazi nyingi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Wageni walikuja, Fiona na wakubwa wake wawili. Watu wa heshima, walivua makoti, walikula sambusa. Bi Khadija alivaa kanga mpya juu ya gauni. Akanywa chai, kikombe kizima, taratibu, akanitazama juu ya ukingo wa kikombe kama msichana anayefanya utundu.

Kisha Somo akasimama. Taa zikapunguzwa. Ukutani ikatokea picha.

Kopo letu. Kubwa kama mlango. Na sakafu iliyolowa, na unyayo wa mtoto.

Nikatabasamu. Nilidhani ndiyo habari ya mpira inaanza.

Kasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba changamoto kubwa ya kikundi hiki ni mazoea ya zamani waliyotoka nayo kwao. Kwamba bado wanaleta vyombo vya maji chooni, sakafu inalowa, wadudu wanasambaa. Kwamba kuna bibi mmoja katika kikundi ameshalazwa hospitali mwaka huu kwa ugonjwa wa mkojo, na asili yake ni hii hapa, akagonga picha kwa kidole. Hakutaja jina. Akageuka akamtazama Bi Khadija kwa huruma. Na kila mgeni akageuka kutazama alikotazama yeye.

Wao wana moyo, kasema. Lakini hawako tayari. Wanahitaji muda zaidi na mtu wa kuwashika mkono.

Aligeuza ugonjwa wa kukosa maji ukawa ugonjwa wa maji. Alichukua siri niliyompa kwa kunong'ona, akaigeuza ndani nje kama soksi, akaivaa.

Nilinyanyua mkono. Ukumbi ukanitazama. Kiingereza changu chote kikatoka, kikaniacha na kile cha jikoni: trei, moto, samahani. Nikasema samahani. Nikashusha mkono. Najichukia kwa hilo.

Fiona akashukuru. "Asante Mwanahamisi kwa ukweli wako," ndivyo alivyosema, kwa Kiingereza. Kina mama ambao Kiingereza chao kinaishia sokoni walisikia jina langu na shukrani, waliona kopo nililolinunua mimi. Vichwa vikanigeukia. Mama Furaha, anayekijua, alilazimika kuwaambia kwa sauti, "Si huyu! Ni ule!"

Baada ya chai Bi Khadija akaenda chooni. Akatoka pale pale. Kopo halikuwamo. Nilikuja kulikuta kwenye mfuko mweusi wa taka, mlangoni, na makombo ya sambusa juu yake. Aliyeusafisha ukumbi asubuhi kabla yetu alikuwa Somo.

Bi Khadija akachukua mkoba wake. Akavaa koti lake juu ya kanga mpya, akaondoka kwenda kituoni peke yake, na kikombe kizima tumboni. Nilimfuata, basi likawa limeshafunga milango.

Nilirudi nikalitoa kopo kwenye taka mbele ya wageni wote. Nimekuja nalo nyumbani ndani ya treni, mikononi, bila mfuko. Watu wananiona mkulima.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo saa za nchi hii zimerudishwa nyuma saa moja, kama kila mwaka baridi ikianza. Haikusaidia.

Nilikuwa na methali ya jambo hili, nimeikataa. Methali humfanya mtu aonekane alikuwa anajua. Mimi sikujua. Mimi mtazamaji mkubwa, ninayejua nani kagombana na mumewe kwa jinsi anavyofunga leso, sikuona.

Somo katuma ujumbe wa sauti. Mrefu. Sijaufungua.

Jumatano, 29 Oktoba

Uamuzi umekuja. Kikundi kina moyo lakini hakiko tayari. Mafunzo yameongezwa mwaka mmoja. Mkufunzi ataendelea kuwa Mwanahamisi.

Jina langu mwenyewe limepewa kazi ya kunishika mkono.

Chooni ukumbini wamebandika tangazo, usilete vyombo. Kando yake picha ya mikono inayonawa, inacheka. Mikono inacheka vipi?

Nimefungua ule ujumbe. Anasema nisimwelewe vibaya. Nimeufuta katikati.

Jumamosi, 1 Novemba

Bi Khadija hakuja mafunzoni. Wala kina bibi wengine waliokuwa wameanza kuja tangu kopo liwekwe. Nami nilikaa nusu, nikatoka. Nilikwenda kwake.

Alinifungulia. Shikamoo. Marahaba. Nikakaa. Tukatazama televisheni iliyozimwa.

"Nilifika," kasema mwishowe. "Siku ile. Ujue hilo tu. Nilifika nyumbani."

Nikasema alhamdulillahi. Sikuuliza alifikaje.

Halafu: "Ni wewe uliyempa maneno ya kusema vile?"

"Hapana, Bi Khadija. Nilimpa kama ulivyonipa."

"Nilijua. Lakini nilitaka nikuulize, na wewe ujue kama nimekuuliza."

Akanipa kahawa. Yeye alikunywa, kwake mna maji. Kasema haendi tena popote penye vikaratasi vya njano. Kasema na msikitini kwenye darsa ataacha, njia ni ndefu. Kwamba nyumba inatosha.

Nyumba haitoshi. Ana dirisha moja na linatazama ukuta.

Hapo ndipo hasira yangu iligeuka. Kule mwanzo nilikuwa na hasira ya kudharauliwa. Hii ni nyingine. Hii ni nzito na haina kelele.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Fiona ofisini kwao. Nimemchukua Salma awe ulimi wangu. Njia nzima kwenye treni namwonyesha Salma maneno ya kutumia, ya adabu, ya kuzungukazunguka. Ananiambia ndiyo mama, ndiyo mama.

Tulipokaa hakuzunguka. Alisema kila kitu kama kilivyo: maji, karatasi, sala, bibi anayekaa na kiu, hospitali, mpira mdogo wa pembeni. Nilitazama zulia. Kiswahili hajibu, lakini kumbe kila kitu anakisikia.

Fiona akawa mwekundu kuanzia shingoni. Si mtu mbaya. Kasema hakuwahi kuambiwa habari ya mpira hata mara moja. Kasema aliambiwa, wiki ileile ya ziara, kwamba kopo ndilo tatizo na kina mama wameshindwa kuliacha. Wiki ileile. Yaani siku zilezile nilipokuwa namtumia ujumbe, uko tayari?

Nikauliza uamuzi unaweza kubadilishwa. Kasema atalifuatilia, lakini kuna mchakato. Kila kitu chao kina mchakato. Nadhani hata aibu inapitia kamati.

Njiani Salma kaniuliza kwa nini hatukusema wenyewe tangu mwanzo. Nikamwambia tulikuwa na mtu wa kutusemea.

Akaweka kichwa begani kwangu, stesheni kadhaa. Hajafanya hivyo tangu akiwa shule ya msingi.

Jumapili, 9 Novemba

Kikundi kimekutana kwa Mama Furaha. Fleti ndogo, watu hadi kwenye korido, watoto wamefungiwa chumbani na katuni. Tulianza kwa kulia. Mama Furaha akachoka.

"Bamama, munalia mupaka lini? Kwetu kanisani kuko choo mbili, na jumamosi salle, ile ukumbi, iko bure. Bwana yangu anajua kufunga mupira. Tutafanya kazi yetu. Ile mwaka yao bakae nayo!"

Mmoja akauliza, na ruhusa ya Shirika? Mama Furaha akauliza, tulipokuwa tunaosha maiti na kuwapikia wafiwa ruhusa ilitoka wapi? Kicheko.

Imeamuliwa. Tumekataa mwaka. Mradi hatuna, funguo hatuna, jina tunalo. Tutaanza na vyoo na wazee. Hilo tunalijua.

Nimekwenda kumwambia Bi Khadija. "Kanisani?" kasema. "Haya. Mwenyezi Mungu anajua nakwenda kwa ajili ya choo."

Jumamosi, 15 Novemba

Kanisa liko ua wa maghala, kati ya gereji na duka la mazulia. Bwana wa Mama Furaha kafunga mipira miwili, kila choo wake. Mmoja unavuja kidogo kwenye shingo, kaufunga kitambaa. Kasema wiki ijayo atarudi.

Walikuja kina bibi ambao sikuwajua kwa sura, nawajua kwa majina ya watoto wao. Wa Lamu, wa Uvira, mmoja Mhindi wa Mombasa aliyetoka Queensbury kwa mabasi mawili kwa sababu kasikia. Hatukuwafundisha kitu. Tuliwaonyesha choo, tukawapa chai. Kisha ndio wakaanza kusema wenyewe, magoti, dawa, bomba bovu, mtoto wa jirani anayeharisha wiki nzima. Mama Furaha anakwenda kumwona kesho.

Bi Khadija alikunywa. Akaniita kwa kidole, akanionyesha kikombe kitupu.

"Mimina," kasema. "Unaona haya ya nini?"

Ingekuwa vizuri kama Somo angekuwapo. Hilo limenijia lenyewe, nikalichukia. Wazo hili lilikuwa letu, lilizaliwa kwenye duka la kuku, yeye ndiye aliyepiga meza.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua.

Somo amekuja. Hakupiga simu, nilimwona kwa dirisha akivuka barabara bila mwavuli. Nikapata nafasi ya kufanya jambo moja. Niliingia chooni kwangu, nikalitoa kopo, lilelile la kijani, nikalificha kabatini nyuma ya mashuka. Nilifurahi. Furaha ya kitoto, tamu, chafu.

Nikamkaribisha. Mgeni ni mgeni. Nikampa chai na maandazi ya jana.

Alianza na mvua, akamaliza mvua. Kisha kasema mkataba wake ulikuwa unakwisha sisi tukiwa tayari, na mwanawe ndiyo kwanza kaanza chuo, na umri wake huu nani atamwajiri. Kasema hakusema uongo, sakafu ilikuwa imelowa kweli. Nikauliza, na Bi Khadija? Kasema, "Sikumtaja jina."

"Ulimtazama."

Akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Halafu ndipo likatoka lililomleta. Fiona kamwita. Wanataka maelezo. Angependa niende nikawaambie kwamba hatukuelewana, kwamba ni lugha tu. "Wewe wanakuheshimu, Somo," kasema.

Nikamwambia, "Sina uwezo, Somo. Bado najengewa."

Mvua ikanyesha kwa niaba yetu sote. Akasema anaomba kwenda msalani.

Nilikaa nikisikiliza. Mlango. Kimya. Kimya kirefu. Nilikuwa na sentensi tayari, nimeitengeneza tangu nilipofunga kabati: tumia karatasi, ndiyo usafi. Ilikuwa nzuri. Fupi.

Sauti ikatoka mlangoni, ndogo, ya Ilford.

"Somo… kopo liko wapi?"

Nilisimama koridoni. Nilisimama mpaka miguu ikapata baridi. Nikaenda kabatini. Nikalipeleka jikoni, nikafungua bomba la moto na la baridi, nikapima maji kwa kiwiko kama ya mtoto. Nikagonga. Mlango ukafunguka kidogo tu, mkono ukatoka, na pete ile. Ukalichukua.

Aliondoka chai ya pili haijamiminwa. "Haya, Somo." "Haya." Nilimtazama kwa dirisha mpaka kituoni. Kwa Fiona sitakwenda. Na yeye anajua.

Sasa hivi nimeingia chooni. Sakafu kavu, imefutwa. Kopo liko mahali pake, mdomo umeelekea ukutani.

Limejaa.